Wiki ya mikutano ya miji: nikifuatana na mbunge wa jimbo, Vermont

Ijumaa, Machi 1, 2024. Montpelier

Nimeteremka basi la Burlington asubuhi, nikaenda kwa miguu hadi jengo la Bunge la jimbo. Montpelier ndiyo makao makuu madogo kuliko yote ya majimbo ya Marekani. Watu wake hawafiki 10,000, na wenyeji hujisifu kwamba ni makao makuu pekee yasiyo na McDonald's. Mafuriko ya Julai mwaka jana yaliingia maduka ya katikati ya mji hadi kimo cha kiuno, na mpaka leo posta haijafunguliwa. Baadhi ya milango bado imezibwa kwa mbao.

Mimi ni mkalimani wa mashuleni. Nilizaliwa upande wa Fizi, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na sasa nakaa Winooski, mji mdogo unaopakana na Burlington. Mbunge mmoja wa jimbo aliomba nimtafsirie kesho mbele ya familia za Wakongo na Warundi. Nikamwambia nitakuja, ila na mimi nataka kumfuata mpaka Jumanne nione hiyo taarifa anayowapelekea watu. Akakubali kwa sharti moja, nisitaje jina lake wala eneo lake. Kwa hiyo hapa ataitwa mbunge tu.

Kila mwaka Jumanne ya kwanza ya Machi miji ya Vermont hufanya mkutano wa mji, ambapo wapiga kura wenyewe hupitisha fedha za mji wao, na Bunge husimama wiki nzima ili wabunge warudi kwa waliowachagua. Leo ndiyo siku yao ya mwisho kabla ya kutawanyika.

Sikujua nimtafute wapi, kwa sababu wabunge hawa hawana ofisi. Wapo 180, yaani 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 30. Kwa wengi wao ofisi ni kiti cha ukumbini, mkoba, na meza ya mkahawa wa ndani. Mbunge hana katibu, hana dereva. Malipo ni kama dola 800 kwa wiki, tena wiki za kikao tu, Januari hadi Mei au Juni. Ukimtaka mbunge unaandika kikaratasi, unampa mmoja wa watoto wa darasa la nane wanaotumika humo wamevaa makoti ya kijani, naye anakipeleka mpaka kitini. Nikaandika: "Nimefika, niko mkahawani." Mtoto akaondoka mbio kama amebeba siri ya serikali.

Mbunge alikuja na supu na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na orodha ya mambo ya kuwaambia watu: fedha za mafuriko, familia zinazolala hotelini kwa sababu hazina nyumba, muswada wa kuyatoza makampuni ya mafuta gharama za mabadiliko ya tabianchi, na kupatwa kwa jua Aprili 8, ambako watu wanaogopa kutaleta foleni ya magari isiyowahi kuonekana.

"Orodha nzuri," nikamwambia.

"Nzuri, lakini wataniuliza kodi tu."

Akanieleza huku supu ikipoa. Vermont shule zinalipiwa na mfuko mmoja wa jimbo zima. Hiyo inatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo ya mwaka 1997 katika kesi ya Brigham, iliyosema haki haiwi haki ikiwa mtoto wa mji wenye nyumba za kitajiri anasoma vizuri na wa mji maskini hasomi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria nambari 60. Tangu hapo kila wilaya ya shule hupiga kura juu ya bajeti yake yenyewe, lakini fedha hutoka chungu kimoja. Wilaya ya mbali ikiongeza matumizi, na wewe mwenye nyumba unaongezewa kodi.

Mwaka 2022 Bunge likapitisha sheria nambari 127, iliyobadilisha namna ya kuhesabu wanafunzi. Mtoto anayejifunza Kiingereza anaongezewa uzito wa 2.49 katika hesabu, mtoto wa familia yenye kipato kidogo 1.03, na shule za vijijini kwenye watu wachache nazo zikapata uzito wao. Ili wilaya zinazopoteza zisiumie ghafla, wakaweka dari: kiwango cha kodi ya makazi kisipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wilaya ikishagusa dari, dola ya ziada haimgusi mwenye nyumba wa pale, inabebwa na mfuko mzima. Nani angejizuia? Juu yake kukaja bima ya afya ya walimu iliyopanda sana, na fedha za serikali kuu za wakati wa Uviko zikaisha. Barua ya idara ya kodi ya Desemba ikatabiri kodi ya shule kupanda kwa wastani wa asilimia 18.5. Mwezi uliopita wabunge wakaifuta ile dari, na gavana Phil Scott akatia saini.

"Na wewe ulipiga kura gani?"

"Kuifuta. Na mwaka 2022 nilipiga kura ya kuiweka."

Jumamosi, Machi 2. Ukumbi wa kanisa

Viti vilijaa kabla ya saa nne, jambo ambalo kwa mkutano wa kwetu ni muujiza. Chai ya maziwa, sambusa, watoto wanakimbizana chini ya meza.

Mbunge alipoingia, mzee mmoja wa Uvira alisimama, akavua kofia. "Karibu, mama mheshimiwa." Nikatafsiri. Mbunge akasema aitwe jina lake la kwanza tu. Mzee akatikisa kichwa, akaniambia mimi wala si yeye: "Mwambie siwezi. Amechaguliwa na watu." Ikabaki mama mheshimiwa mpaka mwisho.

Vijana wa nyuma nao walikuwa na lao. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba mheshimiwa amekuja mikono mitupu, hata fulana hakuna, hata kanga. Waliopita Tanzania wakacheka sana. Mbunge akataka kujua wanacheka nini, nikamweleza habari ya misafara, matarumbeta na kanga za kampeni. Alisema sheria za fedha za uchaguzi hazimruhusi, na isitoshe hana hela.

Taarifa yake ilikuwa fupi. Alianza na mafuriko na nyumba, na watu walisikiliza kwa adabu. Alipofika kwenye kodi ya shule, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanyoosha mkono.

"Mimi mpangaji. Kodi ya nyumba ya mwenye nyumba inanihusu nini?"

Mbunge akajibu kwamba mwenye nyumba akiongezewa, na yeye anaongeza pango. Ila mpangaji wa kipato kidogo ana haki ya kurudishiwa sehemu ya pango na jimbo, kwa kujaza fomu wakati wa kodi. Ukumbi ukachemka. Karibu nusu yao hawakuwahi kusikia. Nusu saa nzima ikaishia hapo: nani anajaza, anahitaji karatasi gani, na je, aliyefika mwaka jana anahesabiwa? Nilitamani mbunge aachane na ile orodha kabisa afanye kazi hii peke yake.

Kisha akaeleza mfuko mmoja na kura nyingi. Kiingereza chake kilijaa maneno ya kiserikali, na nikaona macho ya watu yanaanza kupotea. Nikaomba ruhusa niseme kwa namna yangu. Ni sherehe ya kuchangia, nikawaambia, kila jirani anaagiza sahani anayotaka, halafu bili inakuja moja na inagawanywa kwa wote. Wakaelewa papo hapo, na mzee wa Uvira akauliza: "Sahani ya watoto wetu ni kubwa kuliko za wengine?"

Mbunge akasema ndiyo, kwa sababu kumfundisha mtoto hesabu huku anajifunza lugha kunahitaji walimu zaidi, na kwamba kabla ya 2022 gharama hiyo ilikuwa ikihesabiwa pungufu mno kwa miaka mingi. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi awaambie na wenzake huko vijijini," akasema.

Jumapili, Machi 3

Hakuna safari. Kanisa, wali, usingizi.

Jumatatu, Machi 4

Jioni kulikuwa na kikao cha maelezo cha wilaya ya shule ya vijijini ambako mbunge anaenda kesho. Kilifanyika kwa Zoom, na nusu ya muda ilipotea watu wakiambiana wafungue maikrofoni. Nilichoandika ni kimoja: bodi ya shule ilisema mara tatu kwamba ongezeko la bajeti ni dogo, na kila mara mtu akajibu kwamba bili yake si ndogo.

Jumanne, Machi 5. Siku yenyewe

Asubuhi nilipiga kura Winooski kabla ya kuondoka. Mimi si raia bado. Mwaka 2021 Bunge liliruhusu Winooski na Montpelier kuwapa wakazi halali wasio raia haki ya kupiga kura za mji. Gavana akaikataa sheria, wabunge wakaipitisha tena kwa theluthi mbili. Burlington imefuata, na leo ndiyo mara yao ya kwanza. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alipewa na karatasi ya mchujo wa urais. Mimi nilipewa ya mji tu, nikaijaza taratibu, maana katika nchi nilizopita sijawahi kupewa hata hiyo.

Mbunge akanipitia na gari lake lililojaa matope hadi madirishani. Barabara za changarawe zimeshaanza kulainika, na kila mji tuliopita mada ni hiyohiyo, matope na changarawe.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi. Mlangoni karani wa mji alikuwa na meza mbili. Moja ya daftari la wapiga kura, nyingine ya leseni za mbwa, kwa sababu mwisho wa kusajili mbwa ni Aprili 1 na hakuna siku watu wanakutana kama leo. Kila mtu alishika kijitabu cha taarifa ya mwaka ya mji: mapato, matumizi, waliozaliwa, waliofariki, na kurasa za mwisho majina ya wanaodaiwa kodi. Niliona mzee mmoja akianza kukisoma kutoka nyuma.

Karani akatazama daftari, akatutazama. "Nyinyi wawili mtakaa kule." Kule palikuwa na viti sita ubavuni, vimetengwa kwa kamba, vya wasiokuwa wapiga kura wa mji. Mbunge anaishi mji mwingine wa eneo lake hilohilo, basi naye kwa kanuni ni mgeni. Akaketi bila kusema neno, akatoa sindano akaanza kufuma soksi. Nimeshaona wabunge wakiwekewa mahema, zulia na maji ya chupa. Huyu aliwekewa kamba.

Mkutano ukaanza saa nne. Mwenyekiti wa mkutano, mzee mwenye suruali ya kamba za mabegani, alisoma vipengele kimoja kimoja. Wanaokubali waseme ndiyo. Wanaopinga waseme hapana. Kwa sauti namna hiyo mji unapitisha fedha zake. Mtu asiporidhika na alichosikia, anaomba watu wasimame wahesabiwe, na wapiga kura saba wakitaka, inapigwa kura ya siri ya karatasi.

Kipengele cha lori la kusukumia theluji kilikula karibu saa nzima. Lori jipya siku hizi linazidi dola 200,000. Msimamizi wa barabara alisimama na chuma kilicholiwa na kutu, akakipitisha mkono kwa mkono ili watu waone fremu ya lori la zamani ilivyo. Kilipofika kwetu kikaruka kamba na sisi tukakishika. Chumvi imekitafuna mpaka ukikibonyeza kinameng'enyuka vipande vyekundu. Mwanamke wa mstari wa mbele alitaka kujua kwa nini lisioshwe kila baada ya dhoruba. Lilikuwa linaoshwa. Kwa maji gani? Baridi ile? Wakaulizana mpaka wakachoka, wakalipitisha, kisha mtu akaomba kupunguza dola elfu kadhaa kwenye mfuko wa changarawe, akashindwa.

Kabla ya chakula mwenyekiti akasema: "Mbunge wetu yupo. Kama hakuna pingamizi tumruhusu aseme dakika tano." Kwa asiye mpiga kura wa mji kuongea kunahitaji ridhaa ya mkutano. Kukawa kimya kidogo, kirefu kuliko nilivyotarajia, kisha mwenyekiti akagonga meza. Ruhusa.

Orodha aliikunja, akaanza na kodi moja kwa moja. Hapa hakuongea kama Jumamosi. Alisema mwaka 2022 alikubali dari, mwaka huu amekubali kuifuta, na mara zote mbili kwa sababu alizoziamini. Alitaja bima ya afya, fedha za Uviko zilizoisha, bei za nyumba zilizopanda tangu 2020 kiasi kwamba thamani zilizo kwenye daftari la mji zimebaki nyuma ya soko. Akawakumbusha wajaze tamko la makazi, fomu ya HS-122, kabla ya Aprili 15, kwa sababu wenye kipato cha kati na cha chini hulipa kwa kuangalia kipato, na asiyejaza anakosa. Nadhani hilo la mwisho lilikuwa jambo la maana kuliko yote aliyosema siku nzima, na watu watatu tu ndio waliliandika.

Kisha mzee mmoja wa kofia ya kiwanda cha matrekta akasimama. Hakupaza sauti.

"Nieleze kwa nini mtoto wa Winooski ahesabiwe zaidi ya mjukuu wangu."

Nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Wanangu wawili wako shule ya Winooski. Nina la kusema kuhusu mwalimu anayewafundisha watoto wa lugha saba kwenye chumba kimoja, na nafanya kazi ya kusema kwa niaba ya watu, lakini nilikuwa upande wa pili wa kamba. Nikanyamaza.

Mbunge alijibu kwamba mjukuu wake naye anahesabiwa zaidi, kwa sababu wilaya hii ina watu wachache kwa kila maili ya mraba, na kusafirisha watoto kwenye milima hii na kuendesha shule ndogo ni ghali. "Sheria ileile iliyompa Winooski uzito, imekupa na wewe." Mzee akafikiri. "Basi mbona bili yangu imepanda?" Ukumbi ukacheka, na mbunge naye, na kusema kweli jibu fupi hakuwa nalo.

Chakula: maharage ya kuokwa, nyama ya nguruwe, saladi za kila rangi, keki za sharubati ya mepo, mti wenye utomvu mtamu. Akina mama wa mji ndio waliopika, na fedha zinakwenda maktaba. Yule mzee akaja kukaa mbele yangu na sahani yake.

"Wewe ndiye wa Winooski," akasema. Sijui alijuaje, ila si vigumu kujua.

Tukaongea kwanza habari za mepo. Utomvu mwaka huu umeanza kutiririka mapema kwa sababu baridi haikukaza, na inachukua kama galoni 40 za utomvu kupata galoni moja ya sharubati. Nikamweleza kuhusu wanangu, yule mwalimu na lugha saba. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia atapiga kura ya hapana kwa bajeti ya shule, si kwa ajili ya watoto wetu, kwa ajili ya bili. Nikamwamini nusu. Alipomaliza pai alikwenda kwenye sanduku la kura kona ya ukumbi, kwa sababu bajeti ya shule hapa haijadiliwi kwa sauti, inapigiwa kura kwa karatasi mchana kutwa. Akatumbukiza yake, akarudi kuchukua kofia.

Mchana tulikwenda mji wa pili. Hapo mbunge ni mpiga kura, akakaa na wenzake, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Walikuwa na ugomvi wao wa kalvati.

Jumatano, Machi 6

Matokeo yameendelea kuingia tangu usiku. Karibu theluthi moja ya bajeti za shule zilizopigiwa kura jimbo zima zimekataliwa, na kwa Vermont hilo si jambo la kawaida kabisa. Ile ya mzee wa mepo imeanguka. Burlington wamemchagua meya mpya, Emma Mulvaney-Stanak, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, naye ni mbunge wa jimbo. Na kwenye mchujo wa urais wa chama cha Republican, Vermont imempa ushindi Nikki Haley, mpinzani wa Donald Trump, jimbo pekee lililofanya hivyo jana.

Mbunge alipiga simu asubuhi. Hakuzungumzia Haley. Alitaka nimtumie maswali yote ya Jumamosi kuhusu fomu ya wapangaji, kisha akasema wiki ijayo Bunge likirudi watakuwa na siku chache tu kabla ya tarehe ya miswada kutoka kamati moja kuvuka kwenda baraza la pili, na hakuna anayejua watapata wapi fedha za kushusha asilimia zile.

Nyongeza, Juni

Walizipata kiasi. Muswada wa kupanga viwango vya kodi ya shule ulitumia akiba ya mara moja, ukaongeza tozo ya asilimia 3 kwenye nyumba za kupangishwa kwa siku chache na kodi kwenye programu za kompyuta zinazotumiwa kwa mtandao. Gavana aliukataa, akisema ongezeko bado ni kubwa mno. Juni 17 wabunge walirudi Montpelier, wakaupitisha juu ya kichwa chake kwa theluthi mbili. Wastani wa kupanda ni asilimia 13.8. Sheria hiyohiyo imeunda tume ya kuangalia upya elimu ya umma ya jimbo lote.

Uchaguzi ni Novemba, kwa sababu wabunge hawa hukaa miaka miwili tu, na mbunge wangu ameshaanza kugonga milango. Jumamosi iliyopita alikuwa kwenye mji wa ile kamba. Bajeti ya shule yao ilipita mara ya tatu, baada ya kuondoa nafasi mbili za walimu na mwalimu wa muziki kubakizwa siku mbili kwa wiki.